Bastola ya Idi: ipi ya kumnunulia mtoto, na ipi ya kuiacha mezani kwa muuzaji

Kila inapokaribia Idi, meza za wachuuzi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam hubadilika sura. Kanzu na kofia hutundikwa juu kwenye kamba, na chini yake hupangwa bidhaa ambayo mtoto wa kiume haipiti bila kusimama: bunduki za kuchezea. Unguja hali ni hiyo hiyo. Mtoto aliyekwisha kukusanya mkono wa Idi kwa babu, bibi, ami na shangazi huelekea viwanja vya sikukuu na fedha yake mfukoni, na kabla ya aiskrimu na bembea, wengi huanzia kwenye bastola. Aliyepita viwanja vya Makadara, Mombasa, jioni ya Idi, hahitaji kuelezwa.

Hatuandiki ili kuwataka wazazi wapige marufuku mchezo huu. Watoto wamecheza vita kwa fimbo za mpera na maganda ya ndizi kabla plastiki haijafika pwani yetu, na wataendelea. Swali tunaloulizwa na wazazi ni jepesi zaidi na lina manufaa zaidi: je, zile bunduki zinazorusha vishale vya sponji, ambazo sasa zimejaa madukani na kwenye mabegi ya jamaa wanaorudi kutoka Muscat, Dubai na London, ni nafuu kuliko bastola za vijiwe vya plastiki tulizozizoea? Na kama ni nafuu, ipi inafaa kwa mtoto wa umri gani?

Ili kulijibu tulikusanya aina nne, tukapanga makopo matupu ya maziwa ya unga uani, tukawaita watoto wa nyumba mbili. Zile tulizozijaribu kwa mikono yetu tutazitaja kwa aina zake, si kwa nembo, kwani bidhaa moja iliyonunuliwa sokoni haitoshi kumhukumu aliyeitengeneza.

Tuanze na ile ya kuacha. Bastola ya vijiwe, yaani ile inayorusha vipira vigumu vya plastiki vya milimita 6, ndiyo ya bei ndogo kuliko zote na ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote. Kipira chake ni kigumu, hakibonyei kinapogonga, na ukubwa wake ni mdogo kiasi kwamba hupenya kati ya mfupa wa nyusi na wa shavu na kulifikia jicho bila kizuizi. Nchini Iraq, madaktari wa macho wamekuwa wakipokea watoto walioumizwa na bunduki za namna hii Idi baada ya Idi. Uani kwetu kipira kimoja kilitoboa boksi la kadi na kuendelea na safari yake. Tuliirudisha kwenye mfuko, na hatuna sababu ya kusema zaidi juu yake. Mzazi asiinunue.

Sponji ilitoka wapi

Jina ambalo watoto wetu hulitaja kwa kila bunduki ya sponji, Nerf, asili yake halikuwa jina la bunduki. Mmarekani Reyn Guyer, mbunifu wa michezo, alibuni mpira laini wa sponji ambao ungeweza kuchezwa ndani ya nyumba bila kuvunja taa, na kampuni ya Parker Brothers ikaanza kuuuza mwaka 1970. Zaidi ya miaka 20 ilipita kabla ya kutoka bastola ya kwanza ya jina hilo inayorusha vishale, iliyoitwa Sharpshooter, mwaka 1992. Kwa wakati huo jina lilikuwa limeshaingia mikononi mwa kampuni ya Hasbro.

Katika historia hii yumo mtu mmoja ambaye tungependa watoto wetu wamjue. Lonnie Johnson, mhandisi Mmarekani mweusi aliyefanya kazi katika shirika la anga la NASA, ndiye aliyevumbua bastola maarufu ya maji, Super Soaker, na baadaye akachangia uvumbuzi katika bunduki za sponji zinazotumia hewa. Mwaka 2013 waamuzi walimpa haki ya kulipwa takriban dola milioni 73 alizokuwa akidai kwa Hasbro kama malipo ya uvumbuzi wake. Mtoto anayeifungua bunduki yake kwa bisibisi ili aone kilichomo ndani, kabla ya kumkaripia, mzazi na amkumbuke Johnson.

Zinavyofanya kazi, na tulichokiona

Ndani ya bunduki hizi hamna baruti wala gesi. Zilizo nyingi hutumia springi. Mtoto huvuta kishikio nyuma, springi hukazwa, na anapobonyeza kifyatulio, pistoni husogea mbele kwa kasi na kuisukuma hewa nyuma ya kishale. Ni pampu ya baiskeli iliyovishwa umbo la bastola. Ubora wake ni kwamba haihitaji betri na haifyatui mfululizo: kila kishale kinadai kuvuta upya. Kwa maoni yetu huo ndio ubora mkubwa kuliko wote kwa mtoto mdogo, kwa sababu kule kuvuta humpa nukta ya kufikiri, na mwenzake nukta ya kukimbia.

Katika kundi hili mfano mdogo kabisa ni bastola ya kishale kimoja, kama ile iitwayo Jolt, inayotoshea kiganjani. Juu yake kuna zenye gurudumu la vishale 6 linalozunguka kila unapovuta, kama Strongarm ya mwaka 2013 na Commander ya mkondo wa Elite 2.0 iliyotoka 2020. Ile ya gurudumu tuliyoijaribu ndiyo iliyopendwa zaidi na watoto wa miaka 8 hadi 11. Waliijaza wenyewe bila kumwita mkubwa, na iliangusha makopo kutoka upande wa pili wa ua bila taabu. Binti mmoja wa miaka 9 aliwashinda kaka zake wote wawili, jambo lililoleta mabishano marefu kuhusu kanuni.

Kundi la pili hutumia mota. Ndani yake kuna magurudumu mawili madogo yanayozunguka kinyume kwa kinyume. Kishale kikisukumwa katikati yao hutupwa nje. Stryfe ndiyo mfano unaojulikana sana: betri 4 za ukubwa wa AA, na magazini ya vishale 6. Bunduki ya namna hii hupiga kelele kama mashine ya kusagia juisi, hufyatua haraka, na hula betri. Tuliyoijaribu ilimaliza vishale vyake kabla mtoto hajachagua shabaha. Kwa kijana wa miaka 12 na kuendelea mwenye utulivu, ni mchezo mzuri. Kwa mtoto wa miaka 7, ni vishale 6 vilivyopotea chini ya kabati na kilio cha kutaka betri mpya. Mzazi anayenunua aina hii na aingize betri katika hesabu yake mapema, kwani zile za bei ya chini sana hazitoi nguvu ya kutosha na mota hukoroma tu.

Kundi la tatu halirushi vishale bali vipira vya sponji vya mviringo. Mkondo uitwao Rival, ulioanza mwaka 2015, hurusha vipira hivyo kwa kasi ya hadi mita 30 kwa sekunde, na mtengenezaji mwenyewe ameandika kwenye boksi kuwa ni kwa wenye umri wa miaka 14 na zaidi. Maandishi hayo si mapambo. Tumeona mara nyingi mzazi akilinganisha boksi mbili kwa ukubwa na rangi, asitazame tarakimu iliyo pembeni.

Neno moja juu ya umbali. Boksi nyingi hujigamba kwa mita 23 au 27. Umbali huo hupatikana mtutu ukiinuliwa juu, kama mtu arushaye jiwe mtoni. Ukishikwa usawa, kishale huanguka mapema zaidi na hupotoka njiani, kwa kuwa ni chepesi mno na upepo hukichezea. Baharini, kwenye upepo wa kusi, hakuna cha kujigamba. Asiyepata mita 27 asidhani ameuziwa bandia kwa sababu hiyo pekee.

Vishale ndiyo bunduki yenyewe

Watu hutazama bunduki, ilhali kinachomfikia mtoto mwingine ni kishale. Kishale cha kawaida kina kipenyo cha takriban milimita 13, urefu wa sentimita 7 na ushei, na uzito wa kama gramu moja, kichwa chake kikiwa cha mpira laini wenye uwazi ndani unaobonyea. Sokoni kuna vishale vya badala, vinavyouzwa kwa mamia kwenye mfuko usio na jina. Vingine ni vizuri kabisa. Vingine vina kichwa kigumu kisichobonyea, na kwa hivyo huigeuza bunduki salama kuwa kitu kingine. Jaribio lake ni rahisi na muuzaji hatakataa: kibonyeze kichwa cha kishale kwa kidole gumba. Kikibonyea kama ncha ya chuchu ya chupa ya mtoto, chukua. Kikikaza kama kifutio kikavu, acha. Kisha kivute kichwa. Kikitoka mkononi mwako, kitatoka pia kinywani mwa mtoto mchanga.

Hili la kinywani si dhana. Mwaka 2010, mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitangaza kurudishwa kwa seti takriban milioni 1.8 za bastola za bei ndogo zilizokuwa na vishale laini vya kunatia, baada ya watoto 2 wa kiume, wa umri wa miaka 9 na 10, kufariki kwa kupaliwa. Hawakuwa wachanga. Waliviweka vishale mdomoni na vikaziba njia ya hewa. Basi kanuni ya kwanza ya nyumbani iwe hii: kishale hakishikwi kwa meno, hata kwa nukta moja wakati wa kujaza. Na nyumba yenye mtoto anayetambaa, vishale vihesabiwe kabla na baada ya mchezo.

Jambo jingine linalowaudhi wanunuzi ni kutoingiliana. Vishale vya Elite na vya X-Shot vina kipenyo kinachokaribiana na mara nyingi hutumika kwa kubadilishana. Lakini vishale vya Mega ni vinene zaidi, vile vya Ultra, vilivyoanza 2019, havikubali bunduki nyingine, na mkondo wa N uliotoka 2024 umetengenezwa ili ukubali vishale vyake tu. Sisi tunaona huo ni ujanja wa kibiashara usio na faida kwa mtoto, na mzazi ana haki ya kuukwepa: nunua bunduki ambayo vishale vyake vinapatikana katika mji wako. Bunduki nzuri isiyo na vishale ni rungu la plastiki.

Macho

Mwaka 2017, madaktari wa hospitali ya macho ya Moorfields, London, waliandika juu ya wagonjwa watatu waliopigwa jichoni na vishale vya sponji: mvulana wa miaka 11, mwanamke wa miaka 32 na mwanamume wa miaka 43. Wote walifika na maumivu na uoni hafifu, na wote walikuwa wamevuja damu ndani ya jicho, kati ya kioo cha mbele na mboni. Madaktari hao walishauri miwani ya kinga, wakahoji kama umri unaoruhusiwa ni sahihi, na wakaonya juu ya vishale vya badala vyenye vichwa vigumu.

Tunalieleza hili kwa sababu wazazi wengi husema, "Ni sponji tu." Ni sponji, naam, lakini jicho nalo ni jicho. Miwani ya kinga ya mafundi, ile ya plastiki angavu inayouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi, ni ya bei ndogo na inatosha kwa mchezo huu. Tungependa iwe sehemu ya zawadi: asiyenunua miwani asinunue bunduki. Miwani ya jua haitoshi, kwani hupasuka na pembeni ina uwazi.

Na ikitokea mtoto amepigwa jichoni, asilisugue. Asitiwe maziwa ya mama, wala maji ya dawa za mitishamba, wala matone yaliyobaki kutoka ugonjwa wa mwaka jana. Jicho likingwe kwa kitu kisicholigusa, kama kikombe cha karatasi, na mtoto apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, hata maumivu yakipungua. Damu iliyovuja ndani haionekani kila mara kwa mtazamaji wa nje, na presha ya jicho inaweza kupanda kimya kimya.

Adabu ya kulenga

Hatutoi fatwa, masheikh wapo. Lakini Sunna ina mengi yanayogusa mchezo huu kwa ukaribu unaoshangaza. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Mughaffal (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kurusha vijiwe kwa vidole, kwa sababu kitendo hicho hakiwindi mnyama wala hakimdhuru adui, bali huvunja jino na kutoboa jicho. Sijui ni mzazi gani anayeweza kuisikia hadithi hiyo na asiikumbuke bastola ya vijiwe tuliyoanza nayo.

Imepokewa pia kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) katazo la mtu kumwelekezea nduguye silaha, isije Shetani akauteleza mkono wake. Na katika Abu Daud mna kisa cha Masahaba waliomchezea mwenzao aliyelala safarini kwa kumchukulia kamba, akaamka kwa hofu, na Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Kwa upande wa pili, tunajua kuwa Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini siku ya Idi naye akiwatazama pamoja na Bibi Aisha (r.a.), na kuwa alihimiza kulenga shabaha kwa mishale. Furaha ya Idi na ustadi wa kulenga vina nafasi yao. Kinachokataliwa ni jicho la mtu, uso wa mtu na hofu ya mtu.

Kwa hiyo watoto wetu uani tuliwapa kanuni chache, nao wakaongeza zao. Shabaha ya kwanza ni kopo, si mtu. Wakitaka kurushiana, ni kwa wote waliovaa miwani na waliokubali kucheza, chini ya kifua, na si karibu kuliko hatua tano. Bibi anayepita na ndoo yake hachezi. Mtoto wa jirani asiye na bunduki hachezi mpaka apewe ya kuazima. Na paka hachezi kabisa: Ibn Umar (r.a.) aliwapita vijana waliomfunga ndege wakimlenga, akawaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani anayekifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Kanuni hii ya paka ndiyo iliyovunjwa kwanza, na ndiyo iliyomtoa mvulana mmoja mchezoni hadi Alasiri.

Rangi, na begi la safari

Wapo wanaolalamika kuwa bunduki hizi zina rangi za kitoto, buluu na njano na chungwa, na vijana wengine huzipaka rangi nyeusi zifanane na za kweli. Wasiruhusiwe. Sheria ya Marekani tangu 1988 inataka bunduki za kuchezea zinazofanana na za kweli ziwe na alama ya rangi ya chungwa kwenye ncha, na iko sababu. Novemba 2014, mjini Cleveland, polisi walimuua kwa risasi mtoto Tamir Rice, wa miaka 12, aliyekuwa uwanjani na bastola bandia ambayo alama hiyo ya chungwa ilikuwa imeondolewa. Familia zetu zilizo ughaibuni zinalijua hili kwa uchungu zaidi. Hata hapa kwetu, usiku, katika mtaa wenye walinzi, hakuna haja ya kumpa mtu mwenye silaha ya kweli fursa ya kukosea.

Jamaa wanaotuletea zawadi kwa ndege nao wakumbuke kuiweka bunduki ya kuchezea katika begi la mizigo, si la mkononi. Viwanja vya ndege huziondoa zinazofanana na silaha, na mtoto aliyekwisha kuahidiwa kwenye simu hatakubali maelezo ya forodha.

Kwa vijana wakubwa waliofanya mchezo huu kuwa ustadi, mambo ni mapana. Katika chuo cha Goucher, jimbo la Maryland, wanafunzi walianzisha mwaka 2005 mchezo wa kukimbizana kwa bunduki za sponji ulioenea vyuo vingi. Tangu hapo kampuni kama Dart Zone, na baadaye Nerf yenyewe kwa Stryfe X ya 2024, zimetoa bunduki za vishale vifupi zinazofikia mita 45 kwa sekunde. Hizo ni za wakubwa wenye miwani na uwanja wao. Zisiingie katika boksi moja na za watoto, na kijana anayebadilisha springi ya bunduki ya mdogo wake ili iwe na nguvu zaidi arudishe ya zamani kabla hajairudisha bunduki.

Likabakia la utunzaji, ambalo wauzaji hawalisemi. Hewa yetu ya pwani ina chumvi. Springi hushika kutu na vidude vya betri huota ukijani. Bunduki ihifadhiwe ikiwa imefyatuliwa, si imevutwa, ili springi isichoke. Betri zitolewe mchezo ukiisha. Na vishale viwekwe vimesimama ndani ya kopo, visikandamizwe chini ya vitu vingine, kwani sponji iliyopinda hairuki sawa tena. Kopo lile lile la maziwa lililokuwa shabaha linatosha kwa vishale kama 30, likiwa na kifuniko, juu ya kabati ambalo mdogo wao halifikii.